Q6600 au Phenom 955? Prosesa Mbili za Zamani, Gemu na Joto Letu

Leo tunafungua kompyuta ya mezani, na tukishaifungua tutatazama kitu kimoja tu, prosesa. Na prosesa zenyewe si za mwaka huu. Ni mbili, za zamani, za viini vinne, na mtaani bado zinauzwa, zinanunuliwa na watu wanabishana juu yake: Intel Core 2 Quad Q6600, na AMD Phenom II X4 955.

Mtaniuliza, mzee, kuna prosesa mpya kila mwaka, kwa nini utupotezee muda na vitu vya zamani? Ni kwa sababu ya maswali mnayotuma. Kijana anaandika: nina hela kidogo, nataka mashine ya kuchezea gemu, fundi ananiambia chukua Intel, rafiki ananiambia chukua AMD, na wote wawili wananiapia kwamba inaweza kupandishwa spidi ikapita hata ile iliyoandikwa na kiwanda. Nimsikilize nani?

Swali zuri. Nami jibu langu nalitoa mapema, ili hata anayenisikiliza kwenye daladala na kushuka kituo kinachofuata ashuke nalo. Kati ya hizi mbili, nachagua Phenom. Ila nachagua kwa masharti, na masharti yenyewe hayamo ndani ya prosesa. Yapo kwenye mazabodi, na yapo kwenye joto la chumba chako. Shikeni hayo mawili: mazabodi, na joto. Nitayarudia mpaka mnichoke.

Tuanze na mkubwa kwa umri. Q6600 ilitoka Januari 2007, na bei yake ya kiwandani ilikuwa dola 851. Dola 851 kwa prosesa peke yake! Lakini Julai mwaka huohuo Intel ikaishusha hadi dola 266, na hapo ndipo jina lake lilipopaa. Vijana wa Ulaya na Marekani wakainunua kwa fujo. Kwa nini? Kwa sababu iliuzwa na spidi ya gigahezi 2.4 tu, na ndani yake kulikuwa na akiba kubwa ambayo kiwanda hakikuitumia. Mtu akiwa na mazabodi nzuri aliipeleka gigahezi 3 bila jasho, na wenye vifaa bora vya kupoozea walifika 3.6. Kwa kijana asiye na hela nyingi, kununua prosesa ya bei ya kati ukapata kasi ya ile ya bei ya juu, hilo halikuwa jambo dogo.

Sasa, Q6600 ina siri moja ya kimaumbile. Viini vyake vinne havikukaa pamoja. Intel ilichukua vipande viwili, kila kimoja na viini viwili, ikavibandika chini ya kifuniko kimoja. Ni kama nyumba mbili za vyumba viwiliviwili ndani ya ua mmoja: waliomo nyumba moja wanaongea ukutani, lakini wa nyumba hii akitaka kumpa kitu wa nyumba ile, lazima atoke aende mpaka barabarani ndipo aingie kwa mwenzake. Barabara hiyo ni njia ya data inayotoka kwenye prosesa kwenda kwenye mazabodi, na njia hiyohiyo ndiyo inayopitisha kila kitu kinachokwenda na kutoka kwenye RAM. Kumbukeni hilo, litatusaidia mbele.

AMD wakati huo walikuwa wakijisifu kwamba wao ndio watakaotengeneza viini vinne vya kweli, kwenye kipande kimoja. Wakakitoa Novemba 2007, kwa jina Phenom, na kikaanza vibaya: kiliuzwa kikiwa na hitilafu ya usanifu, na tiba yake ilipunguza kasi mpaka toleo lililorekebishwa likatoka mwaka 2008. Sina haja ya kuichimba zaidi. Ninachotaka mjue ni kwamba Phenom II si ile Phenom ya kwanza. Mtu akikuuzia Phenom yenye namba kama 9500 au 9600 akasema ni yaleyale, si yaleyale. Phenom II ilikuja Januari 2009, imetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 45 badala ya 65, na hii 955 tunayoizungumzia ikafuata Aprili mwaka huo kwa dola 245. Spidi yake ya kiwandani ni gigahezi 3.2. Viini vinne vimekaa kwenye kipande kimoja, vinachangia akiba ya data ya megabaiti 6, na njia ya kwenda kwenye RAM inaanzia ndani ya prosesa yenyewe.

Basi tukiziweka kama zilivyotoka kiwandani, bila kugusa kitu, nani anashinda? Phenom, na si kwa kubahatisha. Kwa kila gigahezi moja, kazi wanayofanya inakaribiana sana. Lakini mmoja anakimbia 3.2 na mwenzake 2.4. Ndiyo maana Q6600 bila kupandishwa spidi haina hoja mbele ya 955. Ukiisukuma hadi 3.2 au 3.4 ndipo mchezo unakuwa sawa. Kwa hiyo swali la kweli linakuwa: wewe, kwa mashine uliyo nayo, unaweza kuisukuma?

Na hapa ndipo ninapowaomba msogee karibu na redio. Spidi ya prosesa hupatikana kwa kuzidisha namba mbili. Namba ya kwanza ni mapigo ya msingi yanayotoka kwenye mazabodi. Namba ya pili ni kizidishi kilichomo ndani ya prosesa. Q6600 ina mapigo ya msingi 266, mara 9. Unapata 2,400, yaani gigahezi 2.4. Phenom 955 ina mapigo 200, mara 16, unapata 3,200. Rahisi, siyo?

Tofauti ni hii. Kizidishi cha Q6600 kimefungwa. Unaweza kukishusha chini ya 9, kukipandisha huwezi. Ukitaka kasi, lazima upandishe mapigo ya msingi: kutoka 266 kwenda 333, umepata gigahezi 3, kwenda 400, umepata 3.6. Lakini mapigo ya msingi hayaigusi prosesa peke yake. Yanaivuta ile barabara niliyowaambia, na RAM nayo inaburutwa humohumo. Mazabodi ikiwa dhaifu, au RAM ikiwa ya kiwango cha chini, mashine inakataa kuwaka, na kosa si la prosesa. Zilikuwapo mazabodi zilizoimudu kazi hiyo, zenye chipu za Intel za P35 na P45. Ukikutana na mojawapo ya hizo ikiwa nzima, usiiache.

Phenom 955 ni ya kundi ambalo AMD waliliita Black Edition, na maana yake kwa mtumiaji ni moja tu: kizidishi kiko wazi. Unaingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mazabodi, unabadilisha 16 kuwa 17, unapata 3.4. Unaweka 18, unapata 3.6. RAM haijaguswa. Kitu kingine chochote hakijaguswa. Kwa mtu anayejifunza hakuna njia salama kuliko hii, na ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kuichagua.

Narudia kwa waliochelewa. Q6600 unaipandisha kupitia mazabodi, kwa hiyo mazabodi ndiyo inayoamua. Phenom 955 unaipandisha kupitia prosesa yenyewe, lakini bado unahitaji mazabodi yenye BIOS inayokuruhusu, na yenye uwezo wa kulisha prosesa ya wati 125. Mazabodi nyingi za bei ya chini ziliishia wati 95. Ukiziwekea 955, ama hazitawaka, ama zitachemka pale pembeni ya soketi mpaka zikate moto.

Sasa tuje kwetu. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, Kariakoo au Nairobi mitaa ya Luthuli, zilikuwa za ofisi huko zilikotoka. Dell OptiPlex, HP Compaq, mashine za kazi. Ni imara, sizibezi hata kidogo. Lakini BIOS zake hazina ukurasa wa kupandisha spidi. Haupo kabisa. Muuzaji anayekuambia "hii Q6600 unaipeleka mpaka gigahezi 3.6" huku amekushikisha OptiPlex ya ofisi, anakusimulia habari ya mashine nyingine.

Upo ujanja wa mafundi, na kwa kuwa najua mtauliza, nautaja. Chini ya Q6600 kuna vidoa vya dhahabu, na baadhi ndivyo vinavyoiambia mazabodi mapigo ya msingi ni mangapi. Ukifunika kidoa kimoja mahsusi kwa kipande kidogo sana cha utepe usiopitisha umeme, mazabodi inadanganyika ikadhani ni prosesa ya mapigo 333, na unaamka na gigahezi 3 bila kugusa BIOS. Hufanya kazi pale tu mazabodi inapoyajua mapigo hayo. Na ukikosea kidoa, au utepe ukiteleza... Mimi simshauri mtu ajifunzie ujanja huo kwenye mashine anayoitegemea.

Tumemaliza sharti la kwanza. Sharti la pili, joto.

Mkisoma makala za zamani kuhusu prosesa hizi, mtaona watu wanaandika nimefika 3.6, nimefika 3.8, nimefika 4. Ni kweli walifika. Lakini walifikia wapi? Kwenye chumba cha Ulaya au Amerika Kaskazini, cha nyuzi 20 au 22. Sasa chukua mashine ileile uilete Dar es Salaam mwezi wa pili, chumba cha nyuzi 32, feni ya dari inazungusha hewa ya moto. Zile nyuzi 10 za ziada hazipotei, zinahamia kwenye prosesa karibu zote. AMD waliiwekea 955 kikomo cha nyuzi 62. Tuseme mwenzako wa Ujerumani kipimo chake kilisoma 55 akifurahi. Kwako kitasoma 65, tayari umevuka mpaka, na hujafanya kosa lolote isipokuwa kuishi pwani. Ndugu zangu wa Njombe na Limuru, nyinyi mna bahati yenu, chezeni tu.

Q6600 nayo ina habari yake ya joto. Zipo za aina mbili. Za mwanzo, za wati 105, zinachemka haraka. Zilizofuata kuanzia katikati ya 2007, zinazoitwa G0, ni za wati 95 na zinavumilia zaidi. Intel waliziruhusu kufika nyuzi 71 kwenye kifuniko, wakati za mwanzo ziliishia 62. Utazitambuaje? Angalia maandishi juu ya kifuniko. Ukiona SLACR, hiyo ndiyo G0. Ukiona SL9UM, ni ya zamani. Kwenye Phenom 955 pia yapo matoleo mawili: msimbo unaoishia na GM ni wa toleo la baadaye linalopanda vizuri zaidi kuliko lile linaloishia na GI. Lakini msilinganishe nyuzi za Intel na za AMD namba kwa namba, kwa sababu hazipimwi mahali pamoja.

Na volti? Hapo ndipo vijana wanapounguza vitu. Spidi ikigoma kupanda, mtu anaongeza volti. Fahamuni kwamba ukiongeza volti kwa sehemu moja ya kumi tu, umeme unaoliwa unaongezeka kwa kama asilimia 20, hata kabla hujaongeza spidi. Umeme huo wote unageuka joto, na mwenye kununua uniti za LUKU anajua nani analipa. Kwa hali ya hewa ya pwani, ushauri wangu ni huu: pandisha hadi pale inapokubali kwa volti ya kiwandani, au kwa nyongeza ndogo sana, kisha simama. Q6600 kwenye 3.0. Phenom kwenye 3.5 au 3.6. Hizo ndizo spidi za kuishi nazo, na zile za 4 waachie waliozoea baridi.

Haya, gemu. Si ndizo zilizotuleta hapa?

Wakati Q6600 inatoka, gemu nyingi zilijua kutumia viini viwili tu, na watu walicheka: vinne vya nini? Muda ukawajibu. Mwaka 2014 FIFA 15 ya kompyuta iliandika Q6600 kama kiwango chake cha chini. Mwaka 2015 GTA V ikafanya vilevile: kiwango cha chini, Q6600. Prosesa ya 2007 ikikaribishwa kwenye gemu kubwa ya 2015! Mwaka huohuo The Witcher 3, kwa upande wa AMD, ilitaja Phenom II X4 940, ndugu mdogo wa hii 955. Kwa upande wa Intel hawakuitaja Q6600 tena, walitaka Core i5-2500K. Utaona basi mstari ulipokatikia.

Lakini kiwango cha chini maana yake gemu itawaka, haina maana utafurahi. GTA V kwenye Q6600 ya gigahezi 2.4, ukiendesha gari kwa kasi katikati ya mji, picha inakwamakwama. Ipeleke gigahezi 3 na hali inabadilika, kwa sababu pale prosesa ndiyo iliyokuwa imeelemewa. Kwenye 955 unaanza tayari ukiwa umevuka hapo.

Na kabla hujaanza kupandisha chochote, hebu hakikisha kama tatizo ni prosesa kweli. Kipimo ni rahisi. Fungua gemu yako, shusha ukubwa wa picha hadi ule wa chini kabisa, cheza palepale panapokwama. Je, imekuwa laini? Basi prosesa yako haina kosa, kadi ya grafiki ndiyo dhaifu, na kuipandisha prosesa hakutakusaidia. Je, inakwama vilevile? Hapo sasa ni prosesa. Watu wengi wanapandisha spidi ya prosesa kwenye mashine isiyo na kadi ya grafiki kabisa. Kadi kama GeForce GTX 750 Ti, inayokula wati 60 na ambayo matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada kutoka kwenye pawa saplai, itakufanyia mengi kuliko gigahezi moja ya nyongeza.

Lipo jambo jingine ambalo spidi haiwezi kulitibu. Prosesa zote mbili hazina kundi la maagizo linaloitwa SSE4.1, ambalo gemu nyingi za miaka ya karibuni zinalidai. Mwaka 2016 gemu ya No Man's Sky ilipotoka, wenye Phenom walishindwa hata kuiwasha mpaka watengenezaji walipoitolea marekebisho. Gemu nyingine hazikurekebishwa. Na Windows 11, kuanzia toleo la 2024, inadai maagizo mapya zaidi ambayo hakuna hata mmoja kati ya hawa wawili aliye nayo. Kwa hiyo hata ukiisukuma hadi 4, gemu inayodai maagizo hayo haitafunguka. Hizi ni mashine za gemu za hadi katikati ya muongo uliopita, na gemu nzuri za miaka hiyo ni nyingi mno, sioni haja ya kuona aibu.

Sababu yangu ya kwanza ya kuichagua Phenom nimeshaitoa, na ipo ya pili, ya mfukoni. Phenom 955 inakubali RAM za DDR2 na za DDR3, kutegemea mazabodi. Q6600 mara nyingi utaikuta na DDR2, na mazabodi nyingi za ofisi za enzi hizo zinaishia gigabaiti 4 au 8. DDR3 ni rahisi kuipata leo, na ni rahisi kuiongeza.

Lakini tayari una mashine ya Core 2 nyumbani, yenye viini viwili, na mazabodi inakubali Q6600? Usiuze kitu. Tafuta Q6600 ya G0, iweke, endelea kucheza. Phenom ni ya yule anayeanza kujenga upya, au aliyepewa mazabodi nzuri yenye soketi ya AM3.

Na sasa niseme neno ambalo wapenzi wa pande zote mbili hawatalipenda. Ukifika dukani ukakuta mashine ya ofisi yenye Core i5-2400, ya kizazi cha mwaka 2011, kwa bei inayokaribia ya hizi, ichukue hiyo. Huwezi kuipandisha spidi, imefungwa. Lakini kwenye spidi yake ya kiwandani inazipita hizi zote mbili hata zikiwa zimesukumwa, inakula umeme kidogo, na ina yale maagizo niliyoyataja. Ndivyo masoko yetu yalivyo: mara nyingi swali la hii au ile linajibiwa na ya tatu iliyopo kwenye rafu ya pembeni.

Mmeamua bado mnataka kusukuma? Sawa, raha yake naijua. Safisha vumbi kwanza. Badilisha pesti ya kupoozea, maana ile ya zamani imekauka na kuwa kama chokaa. Ukitoa kipoozeo cha AMD, iwashe mashine kwanza ipate moto kidogo, uizime na kuchomoa waya wa umeme, halafu kipindishe taratibu kushoto na kulia kabla ya kukivuta. La sivyo prosesa inachomoka nacho na miguu yake inapinda. Kwa Intel miguu ipo kwenye soketi ya mazabodi, kwa hiyo ukinunua mazabodi iliyotumika angalia soketi kwa tochi kabla hujatoa hela. Panda megahezi mia kwa mia. Kila hatua, pima kwa programu kama Prime95, tazama joto, subiri, ndipo uendelee.

Na siku mashine ikigoma kuwaka baada ya kubadilisha namba, usikimbilie kwa fundi. Zima, chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya mviringo ya CR2032 kwenye mazabodi, kaa dakika chache, irudishe. BIOS itasahau ulichoandika na mashine itaamka kama ilivyotoka kiwandani. Wiki ijayo tutazungumzia pawa saplai, na nitawaomba kila mmoja aje akiwa ameisoma ile karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa ya kwake.